Orodha ya Wasiotembelewa

Watu wa maofisini walimwita Bwana Njano, na yeye aliitika bila kinyongo. Makro, yaani maagizo yanayoandikwa ili kompyuta ifanye kazi yenyewe, inapokwama, kompyuta hupaka rangi ya njano mstari iliposimama, na kazi yake ilikuwa kuufukuza unjano huo kutoka mstari hadi mstari mpaka uishe. Nilifanya naye kazi siku tatu tu, Jumatano hadi Ijumaa. Kuna watu niliokaa nao ofisi moja miaka sita ambao siwezi kueleza habari zao hata nusu ya hizi zake.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika nyumba ya kutunzia wazee. Tuna wazee sitini na wanne na korido mbili zinazokutana mlangoni kwangu, kwa hiyo kila anayepita lazima anione nikipiga miayo. Habari zao zote, dawa, vipimo, na wageni waliokuja kuwaona, zimo kwenye kanzidata, yaani daftari letu la kompyuta. Daftari la karatasi la wageni liko getini kwa bawabu. Kila jioni naletewa, nami nanakili majina kwenye kompyuta. Nanakili kama mtu anayechambua mchele: naona punje, sioni chungu. Nasema hivi mapema ili baadaye msiniulize nilikuwa wapi.

Jumatatu ile zililetwa kompyuta mpya sita. Kufikia Jumanne kanzidata ilikuwa imegoma kabisa. Ukibonyeza kitu chochote linatokea dirisha dogo la kijivu lenye kosa, kisha kimya. Na siku hiyohiyo, kama vile shari huitana, mkurugenzi wetu alitukusanya akatutangazia mpango wake. Vitanda havitoshi. Nyumba nyingine imefunguliwa, mwendo wa saa tisa kwa basi. Mzee ambaye hajatembelewa na mtu mwaka mzima atahamishiwa huko kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "huyo hata akiondoka hakuna wa kumtafuta." Majina yatolewe na kompyuta, asichague mtu, ili pasiwe na upendeleo. Alikwisha kuona kwenye menyu yetu kitufe kilichoandikwa *Wasiotembelewa*. Orodha iwe mezani kwake Ijumaa saa sita mchana.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Kisha nikafyata mkia, kama wenzangu wote, nikaenda kumpigia simu Bwana Njano.

Yeye ndiye aliyetengeneza kanzidata hiyo, miaka kumi na moja nyuma, kabla mimi sijaajiriwa. Alifika asubuhi na begi la turubai begani. Umri wake ulikuwa unakaribia sitini. Shati lake lilipigwa pasi mbele tu. Mgongoni pasi haikupita, nikajua huyu hana mtu wa kumtazama akitoka nyumbani. Alinisalimia kwa adabu, akaketi, akaanza kuzungumza na kompyuta.

"Haya, mama. Kinachokuuma ni nini?"

Nilidhani ananiuliza mimi. Nikamwambia mgongo. Hakucheka, na sidhani kama alisikia.

Dirisha la kijivu lilisema kwamba mradi au maktaba haipatikani, na nyuma yake neno moja lilikuwa limeangaziwa katikati ya maandishi ya makro. Lilikuwa neno la kuuliza tarehe ya leo, neno la kawaida kabisa ambalo mashine yoyote hulijua. Nikamwambia, kwa ujuzi wangu mwingi, kwamba basi neno hilo ndilo lenye kosa, alifute.

"Hili halina hatia," alisema. "Mashine ikipotelewa na kitu, humkamata wa kwanza anayepita. Mwenye kosa hayuko hapa."

Akafungua mahali ambapo sikuwahi kupaona, penye orodha ndefu ya maktaba ambazo makro huazima vitu vyake. Mbele ya mojawapo palikuwa pameandikwa kwamba haipo. Ilikuwa maktaba ya kalenda, ile kalenda ya picha iliyokuwa ikijitokeza tunapochagua tarehe. Kompyuta za zamani zilikuwa nayo, mpya hazina. Kwa kukosa kalenda hiyo moja, mashine ilikuwa imesahau hata leo ni lini.

"Kalenda niliipenda mimi," alisema. "Hakuna aliyeniomba."

Aliiondoa maktaba hiyo kwa kubonyeza mara moja. Lakini kalenda yenyewe ilikuwa imepandikizwa kwenye madirisha kumi na moja ya kanzidata, na kila moja ilibidi ing'olewe na mahali pake pawekwe nafasi ya kuandika tarehe kwa mkono. Hiyo ndiyo kazi iliyotushika siku mbili.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu kwetu alilijua. Dada yake mkubwa alikuwa mmoja wa wazee wetu. Alikaa chumba namba tisa, korido ya kushoto, hatua arobaini kutoka kwenye kiti alichokalia Bwana Njano. Nilizihesabu mwenyewe baadaye. Jumatano nzima hakwenda. Alitoka kwenda msalani, akapita korido ya kulia, akazunguka uani kwa nyuma ili asipite ya kushoto.

Alhamisi uvumilivu ukaniisha. Tulikuwa tunakunywa chai, yeye amesimama. Chai na chakula alivimaliza akiwa wima, na nilipomuuliza kwa nini, alisema nyumbani kwake kiti ni kimoja na kiko mbele ya kompyuta.

"Mzee," nikamwambia, "dada yako yuko hapo tu. Nenda ukamsalimie, chai haitakimbia."

"Nikimaliza kazi."

"Utamaliza kesho."

"Basi kesho."

Nikamwongezea chai tu. Watu wa namna yake ukiwabana wanajikunja kama konokono. Akachovya kipande cha mkate kwenye chai, akakitazama kikilainika, halafu akaanza kusema bila kuulizwa.

Wazazi wao walifariki yeye akiwa na miaka mitano na dada yake ishirini na mbili. Dada akakataa posa mbili ili amlee, kwa sababu wachumba wote wawili walimtaka yeye bila mtoto. Akashona sare za shule mpaka vidole vikawa na sugu kama vya mwashi. Mdogo mtu akasoma, akawa karani wa stoo kwenye kiwanda cha rangi, na hapo ndipo alipojifunza makro peke yake, kwa kubonyeza kitufe cha msaada na kusoma kinachotokea, ukurasa kwa ukurasa. Kiwanda kilipofungwa alibaki na ufundi huo na begi. Akawa anazunguka maofisini kurekebisha majedwali ya watu. Alioa. Mkewe alivumilia miaka sita, kisha akamwambia kwamba amechoka kuolewa na kisogo.

Hapo nilicheka. Yeye hakucheka, nikameza kicheko changu pamoja na chai.

Dada alipoanza kusahau jiko likiwaka na kupotea njia ya dukani, alimleta kwetu. Alipoona tulivyohangaika na madaftari, akatutengenezea kanzidata bure. Miaka ya kwanza alikuja kila Jumapili. Kisha Jumapili moja dada yake alimtazama, akaita wauguzi kwa sauti, akasema kuna mwizi chumbani. Wiki iliyofuata ikawa vivyo hivyo, mbele ya watu. Akaona aache zipite wiki mbili ili dada atulie. Mbili zikawa nne.

"Lakini najua yuko salama," alisema. "Mpwa wetu anaishi mtaa wa pili, atakuwa anakuja. Na kama siku zingezidi, mngenipigia. Ndiyo maana niliweka kile kitufe. Mzee akipitisha siku thelathini bila mgeni, jina lake linatoka pamoja na namba ya ndugu yake, naye ndugu anapigiwa simu. Sikupigiwa hata mara moja."

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyelipia bima. Mimi nilishika kikombe changu, nikajiuliza ni nani hasa hapa kwetu anayepiga simu hizo. Nikajijibu kwamba ni msimamizi wa wauguzi, na nikarudi mezani.

Ijumaa saa nne asubuhi kalenda ya mwisho ilikuwa imeng'olewa. Madirisha yalifunguka, tarehe ziliandikika, na unjano haukuonekana popote. Nikataka tubonyeze mara moja kitufe cha mkurugenzi tumalize. Akanizuia.

"Kwanza tuikompaili yote."

Nikamuuliza maana yake. Akanieleza vizuri, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Kompyuta haiwezi kutenda kwa maandishi ya makro mpaka iyasome na kuyageuza lugha yake. Huko ndiko kukompaili. Lakini ni mvivu kwa makusudi: husoma ukurasa ule tu unaoitwa kazini. Ukurasa usioitwa hauguswi, hata uwe umeandikwa upuuzi mtupu, na utakaa hivyo miaka na mikaka bila mtu kujua. Ukitaka kuwa na uhakika, unaiamuru isome kurasa zote kwa mkupuo mmoja.

Akaiamuru. Dirisha la kijivu likatokea mara moja.

Kosa lilikuwa kwenye ukurasa wa kitufe cha *Wasiotembelewa*. Nilisogea kuangalia. Lilikuwa sharti lililofunguliwa na halikufungwa. Makro inasema, ikiwa siku zimezidi thelathini, fanya hivi na hivi. Na mwisho wa hayo lazima pawe na neno la kufunga sharti, ili mashine ijue yanapoishia. Neno hilo halikuwapo.

"Ah, mstari mmoja tu," nikasema. "Afadhali."

"Ndiyo. Mstari mmoja."

Lakini hakuuandika. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Binti, hiki kitufe mlikuwa mnakibonyeza kila mwezi?"

"Nilidhani msimamizi wa wauguzi ndiye—"

"Hakijabonyezwa. Hata mara moja, tangu siku niliyokiweka. Kingebonyezwa mara moja tu kingegoma papo hapo, kwa kosa hilihili, na mngeniita."

Nikasema labda kosa liliingia baadaye. Akatikisa kichwa. Hakuna aliyewahi kugusa maandishi yale zaidi yake. Aliuandika ukurasa huo mwisho wa yote, siku ya kukabidhi, dada yake akiwa kwenye benchi ya nje na sanduku lake akisubiri kuonyeshwa chumba. Vitufe vingine vyote alivijaribu. Hiki hakuona haja, kwa sababu kanzidata ilikuwa mpya na wageni wote wa siku chache zilizopita. Hapakuwa na mzee hata mmoja ambaye angetoka kwenye orodha. Akasema moyoni kwamba kitajaribiwa na wenyewe mwezi ukiisha.

Baadaye nilimuuliza msimamizi wa wauguzi. Yeye alidhani ni kazi yangu. Kulikuwa na afisa wa ustawi aliyeomba kitufe kiwekwe. Aliacha kazi miezi miwili baada ya hapo, na kiti chake hakijapata mtu mpaka leo. Mimi mwenyewe nimekiona kitufe hicho kwenye menyu kila siku ya kazi kwa miaka sita. Nimepitisha kipanya juu yake nikienda kwenye vitufe vingine. Sina la kujitetea.

Bwana Njano aliandika neno la kufunga. Akabadilisha thelathini ikawa mia tatu sitini na tano, kama mkurugenzi alivyotaka. Akaikompaili tena, na dirisha la kijivu halikutokea. Kisha akabonyeza.

Yalitoka majina kumi na saba, aliyesahaulika zaidi akiwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa bibi wa chumba namba tisa. Siku mia nane hamsini na mbili. Mgeni wa mwisho: mdogo wake. Ndugu wa kupigiwa: mdogo wake, na namba ya simu ileile iliyokuwa inalala mfukoni mwa shati lililo mbele yangu. Mpwa wa mtaa wa pili aliwahi kuja mara nne, zote mwaka wa kwanza.

Hakulia. Ingekuwa nafuu kwangu kama angelia. Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya ile mia nane hamsini na mbili, kama anayehakikisha tarakimu.

Nilisema jambo ambalo mpaka leo naliona aibu, ingawa nililisema kwa huruma. Nilimwambia kwamba tarehe ni maandishi tu. Mimi ndiye ninayeziingiza, hakuna anayelinganisha na daftari. Naweza kuandika kwamba alikuja mwezi wa tatu, na mwezi wa sita, na jina la dada yake litoke pale juu.

"Mashine itakubali," alisema. "Mashine haina neno." Akasukuma kiti nyuma. "Daftari la wageni liko wapi?"

Ilikuwa saa tano kasorobo. Nililifuata daftari getini mbiombio, na niliporudi alikuwa amesimama mwanzo wa korido ya kushoto na begi lake begani, anasubiri kama mtu anayeogopa kuvuka barabara. Tulizipiga zile hatua arobaini pamoja.

Chumba namba tisa kina kitanda kimoja, kabati la bati na dirisha linalotazama ukuta. Bibi alikuwa ameketi kitandani, miguu haifiki chini. Alimwangalia mdogo wake, akaliangalia begi.

"Fundi, umekuja kwa ajili ya taa?"

Nilimwona akivuta pumzi. "Ndiyo, Dada."

"Inawaka na kuzimika. Nimewaambia tangu juzi." Akamwonyesha kwa kidevu akae kwenye kiti, naye akakaa. Kisha akainama kidogo na kushusha sauti, kama watu wanavyofanya na fundi ambaye si wa pale. "Unafanya kazi na wakubwa wa hapa?"

"Kidogo."

"Wanasema wasio na watu watapelekwa mbali. Wauguzi wamesema, mimi nasikia. Waambie mimi nina mtu. Nina mdogo wangu wa kiume."

"Nitawaambia."

"Waambie vizuri. Mimi basi naweza kupanda, siogopi safari. Lakini wakinihamisha atakuja hapa asinikute, na yule hajui kuuliza watu. Tangu mdogo. Nikimtuma dukani akikuta wenye duka wanaongea, anarudi mikono mitupu."

"Siku hizi atauliza, Dada."

"Humjui wewe. Atasimama hapo getini, aangalie, halafu arudi zake."

Bwana Njano alitazama mikono yake. "Amefanya hivyo," alisema. "Mara tatu."

Bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyeambiwa hakukosea. "Unaona? Ana kazi nyingi, yule. Kazi ya kutumia akili. Ukikutana naye mwambie simkasirikii."

Sikuweza kuendelea kusimama mlangoni. Nililiweka daftari kwenye kabati la bati nikarudi ofisini, nikafanya kitu pekee kilichokuwa mkononi mwangu. Nilianza kupiga zile namba nyingine kumi na sita. Saba hazikuwa hewani tena. Tano ziliita bila kupokelewa. Mwanamke mmoja aliniuliza kama mama yake bado yu hai, na nilipomwambia ndiyo, alikata simu; sijui kwa hasira au kwa nini. Watatu walisema watakuja. Mmoja wao alifika na pikipiki saa sita kasoro dakika tano, kofia ya chuma kichwani bado; nikalikimbilia daftari chumba namba tisa, akasaini.

Juu ya saini yake palikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka wa Bwana Njano. Jina, saa, na kwenye nafasi ya uhusiano: *mdogo wake*. Nikaiingiza tarehe ya leo kwa wageni wote wawili na kubonyeza kitufe upya. Yalitoka majina kumi na matano. Nilimpelekea mkurugenzi saa sita juu ya alama. Alisaini bila kuyasoma, na wiki mbili baadaye basi liliwachukua wote kumi na tano.

Bwana Njano alitoka chumba namba tisa saa nane. Alikuwa amepanda juu ya kiti na kuikaza balbu, na kweli haikuzimika tena. Dada yake alimshukuru akamwita fundi mpaka mwisho. Alikuja kuchukua kijidaftari alichokuwa akiandikia makosa ya kompyuta, alichokiacha mezani kwangu, akairudisha ile mia tatu sitini na tano ikawa thelathini, akafunga kila kitu polepole.

"Kitufe kinafanya kazi sasa," alisema.

"Nitakibonyeza, mzee. Kila tarehe mosi."

"Siku thelathini zikipita, jina lake litatoka na namba yangu. Nipigie." Alifika mlangoni, akasimama na begi lake. "Nisipopokea usidhani nina kazi. Piga tena."

Nikaiandika namba yake ukutani, juu ya simu, kwa kalamu nene.